Yai, Chokaa na Mafuta: Rangi Ilivyojifunza Kuchelewa Kukauka

Kiini cha yai kikichanganywa na unga wa rangi hukauka upesi mno, na mchoraji hapati nafasi ya kulainisha mpaka kati ya rangi moja na nyingine. Sogelea picha ya Italia ya karne ya 14 iliyochorwa juu ya ubao, utaona uso wa mtakatifu umejengwa kwa vistari vyembamba visivyohesabika, vimelazwa kimoja kando ya kingine. Watu husema ni mtindo wa Zama za Kati. Mimi naona yai ndilo lililoamua.

Cennino Cennini, aliyeandika kitabu cha mafundi mnamo mwaka 1400 hivi, aliagiza nyuso za vijana zichorwe kwa kiini cha yai la kuku wa mjini, kwa kuwa kimepauka kuliko cha kuku wa shamba. Kabla ya hapo ubao ulisilibwa jasi na gundi ya ngozi, dhahabu ikabandikwa na kung'arishwa hata kwa jino la mbwa. Ngozi ya binadamu ilianzia kwenye kijani, kisha waridi juu yake. Pale waridi lilipochujuka, watakatifu leo wana sura za wagonjwa.

Ukutani kulikuwa na sheria nyingine. Giotto, aliyepamba kanisa dogo la Scrovegni huko Padova mnamo 1305, alipaka rangi yenye maji juu ya lipu mbichi ya chokaa. Chokaa hufyonza kaboni dioksidi hewani, ikageuka tena kuwa jiwe na kuifungia rangi ndani yake. Ni kemia ileile ya kuta za chokaa za Lamu na Zanzibar. Ili apake kabla lipu haijakauka, fundi alipiga lipu kipande cha kumtosha siku moja tu. Buluu ya madini ya shaba, hata hivyo, haikupatana na chokaa mbichi. Ilipakwa ukuta ukishakauka, na ndiyo maana mahali pengine imebanduka.

Lipu mbichi ilikuwa na faida yake: ilipokea alama. Katika picha ya Utatu Mtakatifu ya Masaccio, iliyochorwa Firenze mnamo 1427, bado zipo alama za kamba alizokandamiza ukutani ili mistari yote ya dari ielekee nukta moja.

Mafuta ya kitani yalibadilisha mengi zaidi. Hayakauki kwa kupoteza maji. Hunyonya oksijeni, molekuli zikashikana polepole, kwa siku kadhaa. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, alidai mchoraji Jan van Eyck ndiye aliyevumbua mbinu hiyo, lakini mtawa Theophilus alikwisha kuieleza katika karne ya 12, na huko Bamiyan, Afghanistan, mafuta yalitumika mapangoni karne nyingi kabla. Sifa ya van Eyck ni subira: tabaka jembamba linalopitisha mwanga, juu yake jingine, hadi kioo cha ukutani katika picha yake ya 1434 ya Arnolfini na mkewe kikaakisi chumba kizima.

Leonardo da Vinci alitaka uhuru huo wa kuchora polepole ukutani. Huko Milano, kati ya 1495 na 1498, aliikwepa lipu mbichi, akachora Karamu ya Mwisho kwa yai na mafuta juu ya ukuta mkavu. Ilianza kubanduka akiwa hai bado. Ukarabati ulioanza 1978 ulimalizika 1999.