Wakili Aliyekhini Amana: Kumshitaki ni Haki, Kumsingizia ni Dhulma

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Sahaba zake.

Baada ya darsa tunaulizwa sana suala hili: ndugu wamemuweka wakili awauzie shamba la mirathi. Shamba limeuzwa, pesa hawazioni, na kila wakienda wanaambiwa warudi kesho. Je, wakimshitaki watakuwa wamemvunjia heshima Muislamu mwenzao?

Katika fiqhi, wakili ni muaminiwa. Anachokipokea kwa niaba ya aliyemuweka ni amana, na chake ni ule ujira waliokubaliana tu. Aya ya 58 ya Suratun Nisaa inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Basi anayezitumia pesa za warithi kwa haja zake bila ya idhini yao amefanya khiyana, hata kama amenuia kuzirudisha.

Ama kumshitaki, Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ameyataja mambo sita yanayoruhusu kumsema mtu asiyekuwepo, na la kwanza ni malalamiko ya aliyedhulumiwa. Lakini hayo hupelekwa kwa mwenye uwezo wa kuiondoa dhulma, si barazani wala katika kundi la WhatsApp la ukoo.

Wapi mpeleke malalamiko? Kwa mawakili wa Tanzania Bara, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, imeweka Kamati ya Mawakili. Kosa likithibiti, Kamati inaweza kumkaripia wakili, kumsimamisha kwa muda, au kuamuru jina lake lifutwe katika orodha ya mawakili. Aliyefutwa haruhusiwi tena kufanya kazi ya uwakili. Zanzibar ina Mahkama Kuu yake na mawakili wake walioandikishwa hapa. Kwa hivyo jueni kwanza wakili wenu ameandikishwa wapi. Akiwa ni wa hapa, kaulizieni utaratibu katika afisi ya Mrajis wa Mahkama Kuu.

Nendeni na karatasi: mkataba, risiti, barua na ujumbe wa simu. Andikeni kwa tarehe nini kilifanyika, bila ya kuongeza chumvi. Na mfahamu kwamba kushindwa kesi peke yake si kosa la wakili, kwani huenda alijitahidi na haki ikawa upande wa pili. Fahamuni pia kwamba kumfuta wakili ni jambo moja na kurudishiwa pesa ni jambo jengine. Pesa hudaiwa kwa kesi ya madai, na wizi hupelekwa polisi.

Wakili naye ana haki ya kusikilizwa. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali Yemen, alimuusia asihukumu mpaka awasikilize wote wawili. Na uamuzi wa Kamati una rufaa. Wakili Fatma Karume, aliyewahi kuwa Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, alifutwa Septemba 2020 kwa mambo yaliyohusu mwenendo wake mahkamani, si pesa za mteja. Mwaka 2021 Mahkama Kuu ikautengua uamuzi huo. Basi tusimwite mtu mwizi kabla haijathibiti.

Kwa ndugu zetu mawakili tunasema: adhabu ya Kamati haifuti deni. Toba ya aliyekula haki za watu haitimii mpaka azirudishe au wenyewe wamsamehe. Jina lililofutwa linaweza kurudi, lakini haki ya yatima itadaiwa hata Akhera.

Nanyi familia, andikianeni tokea mwanzo. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Kumtaka wakili risiti si kumtilia shaka, ni kuilinda amana na kuulinda udugu.

Wallahu aalam.