Kindi na Taa: Mfano wa Ufafanuzi wa Maneno katika Kamusi

Sentensi "Mvuvi alichomwa na taa" ina maana mbili. Msomaji wa pwani aweza kumfikiria samaki. Yule wa bara, aliyekulia mbali na bahari, ataona moto wa kandili. Wote wawili wamefuata sarufi, kwani kitenzi kuchoma hutumika kwa mwiba na kwa moto pia. Lau neno hili lingekuwa kiima, upatanisho ungetufaa: taa imezimika, lakini taa amevuliwa. Katika sentensi yetu upatanisho huo haupo.

Basi msomaji huiendea kamusi. Akikuta kwamba taa ni "aina ya samaki" na hakuna zaidi, atajuaje kuwa samaki huyo huchoma? Ufafanuzi wa namna hiyo hutaja jamii na kuacha sifa bainifu. Vivyo hivyo, tukisema kindi ni "mnyama mdogo mwenye mkia", hatujamtenga na panya wala nguchiro.

Na tuutazame huo mkia, maana wote wawili wanao. Mkia wa kindi una manyoya mengi, naye huutumia kujisawazisha arukapo kutoka tawi hadi tawi. Mkia wa taa huwa mwembamba kama mjeledi, na katika aina nyingi una mwiba wenye sumu na meno kama ya msumeno. Kindi ni mamalia: hunyonyesha wanawe, na meno yake ya mbele hayaachi kukua. Taa hana mifupa migumu bali gegedu. Mwili wake ni bapa, matamvua yako upande wa tumbo, naye hujifukia mchangani. Ndiyo sababu mvuvi apitaye maji machache huweza kumkanyaga bila kumwona.

Kwa hiyo twapendekeza hivi. Kindi: mnyama mdogo mgugunaji, aishiye mitini, mwenye mkia wa manyoya mengi. Taa: samaki bapa mwenye mkia mwembamba, ambao aghalabu una mwiba wa sumu.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilimweleza msomaji Kiswahili kwa Kiswahili. Hiyo ni hatua kubwa, lakini pia ni mzigo: hapana neno la kigeni la kuuziba upungufu wa fasili. Mwanafunzi ambaye hajaiona bahari hana budi kuiona katika maneno yetu.