Dirisha Moja, Hali Zote za Hewa

Mradi binafsi wa picha ni kazi anayojipangia mpigapicha mwenyewe: somo moja, mipaka michache, na muda wa kutosha kulirudia somo hilo mara nyingi. Hauna mteja, wala hauna malipo. Faida yake yote imo katika kurudia. Anayetoa kamera pale tu jua linapopendeza huishia kuujua mwanga wa aina moja. Ndiyo maana katika kuchagua somo, uzuri wake si jambo la kwanza kuulizwa. La kwanza ni kama litafikika mvua ikinyesha, jua likiwa la utosi na giza likiingia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Josef Sudek, mpigapicha wa Prague aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1940, mji ukiwa chini ya utawala wa Wanazi na kupiga picha barabarani kukiwa na hatari, aliigeuzia kamera dirisha la studio yake. Alilipiga hadi mwaka 1954: kioo chenye ukungu, matone, barafu, na nyuma yake mti uliopinda. Somo halikubadilika, kwa hiyo kila tofauti kati ya picha na picha ililetwa na hewa na mwanga. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mradi wa namna hii, na kwa anayeanza ni vigumu kuupata ulio bora zaidi, hasa kwa kuwa hauhitaji nauli.

Wengine wamefanya kinyume, wakachagua hali moja ya hewa na kuing'ang'ania. Bernd na Hilla Becher, walioanza kazi yao ya pamoja mwaka 1959, walipiga matangi ya maji na mitambo ya viwanda ya Ujerumani chini ya mbingu zilizofunga, ili kivuli kisifiche umbo. Saul Leiter wa New York alipenda vioo vilivyolowa na miavuli. Mvua inayowarudisha wengi nyumbani ndiyo iliyomtengenezea rangi zake.

Kiufundi, wingu hufanya mambo mawili. Husambaza mwanga, vivuli vikalainika, tena huupunguza. Kwa kanuni ya zamani ya wapigapicha, jua kali na ISO 100 huhitaji tundu la lenzi la f/16 na kasi ya shata ya karibu 1/100 ya sekunde. Mbingu ikifunga, tundu hufunguliwa hadi f/8, maana mwanga uliobaki ni robo tu. Wingu zito hudai f/5.6. Anayejizoeza kukisia vipimo hivi kabla ya kutazama kioo cha kamera hujifunza haraka kuliko anayeiachia kamera kila kitu.

Msimu wa masika, mradi wa mvua huweza kufanyika barazani au chini ya ukingo wa paa. Matone huonekana vizuri mwanga ukitoka nyuma yake na mandhari yakiwa meusi. Kasi ya 1/500 huyagandisha hewani, ilhali 1/30 huyavuta yakawa mistari.

Jua la saa sita, ambalo vitabu vingi vya nchi za baridi hushauri kulikimbia, lina somo lake katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au vya Lamu. Ukuta wa chokaa unaopigwa na jua huurudisha mwanga hadi upande wa kivulini, na aliyesimama hapo hupata mwanga laini usoni. Ila kipimo cha kamera hukadiria kila kitu kuwa na wastani wa kijivu, hivyo kanzu nyeupe inayojaza fremu hutoka imefifia isipoongezewa mwanga. Machweo nayo yana haraka yake: karibu na ikweta jua hushuka wima, na baada ya kuzama mwanga wa kufaa hubaki kama dakika 20 tu.

Vifaa vinahitaji uangalifu. Kamera inayotolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la pwani hushika ukungu; iachwe ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto. Unyevu wa muda mrefu huotesha kuvu ndani ya lenzi.

Mipaka ya mradi iandikwe mwanzoni: lenzi moja, mahali pamoja, labda saa moja ya siku. Kila picha iambatane na maelezo mafupi ya hali ya hewa na vipimo, kwani simu na kamera huhifadhi namba lakini hazisemi kama kulikuwa na wingu. Uchambuzi ufanyike baada ya wiki kadhaa, picha zikipangwa pamoja mezani au kwenye skrini. Picha mbili zinazosema jambo moja hubakizwa moja. Mradi huwa umekwisha pale picha mpya zinapoacha kuziondoa za zamani katika uteuzi huo.