Kifaa cha Neva kwa Maumivu ya Mgongo: Ya Kujua Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Maumivu ya mgongo si jambo geni Kitui na Makueni. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na wengi huubeba mgongoni kila siku kutoka mtoni au kwenye bwawa la mchanga. Wengine hushinda kwenye bodaboda. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu, na hapo ndipo wagonjwa huanza kuuliza kuhusu kifaa kinachopandikizwa mwilini kutuliza neva.

Kifaa hicho kiliwekwa kwa mgonjwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka wa 1967. Nyaya nyembamba huingizwa karibu na uti wa mgongo, na betri ndogo hufichwa chini ya ngozi ya tumbo au kalio. Umeme mdogo huvuruga ujumbe wa maumivu kabla haujafika kwenye ubongo. Hakiponyi diski iliyochomoza wala mfupa uliochakaa. Mgonjwa hukijaribu kwanza kwa siku chache, betri ikiwa nje ya mwili. Maumivu yasipopungua kwa takriban nusu, nyaya huondolewa. Hata kikikubali, waya huweza kuhama, kidonda kupata maambukizi, na betri ikichoka mgonjwa hurudi kwenye upasuaji.

Mwaka wa 2023, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane yalionyesha kwamba kwa maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo huenda kifaa hiki kisilete nafuu ya kudumu. Si kitu cha kuuzia shamba, basi. Na mashine za kubandika ngozini zinazouzwa madukani si kifaa hiki, muuzaji aseme atakavyo.

Kinachohitaji haraka ni kingine. Mgongo unaouma hata usiku, pamoja na homa, jasho na kukonda, huenda una kifua kikuu cha mifupa. Dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kikicheleweshwa, miguu huweza kupooza. Anayeshindwa ghafla kuzuia mkojo au choo, kufa ganzi sehemu za siri au kulegea miguu, apelekwe siku hiyo hiyo hospitali ya rufaa ya kaunti, Wote au mjini Kitui.

Wengine waanzie zahanati ya karibu, wapimwe, waelekezwe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, na waendelee kutembea badala ya kulala kutwa. Mzigo nao ugawanywe: mitungi miwili ya lita 10, au punda abebe.