Shaba inafika bahari kila siku, wao ni mara ya kwanza

Toka Kolwezi, kamio za shaba zinapita Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, zinakata Zambia, zinaingia Tanzania ku mpaka wa Tunduma, mpaka bandari ya Dar es Salaam. Kuna baba mmoja wa Kolwezi ambaye kwa miaka 15 anaendesha kamio kubwa la mawe ndani ya shimo ya kompani. Shaba aliyobeba ilifika bahari zamani. Yeye mwenyewe, hapana.

Mwaka huu alienda, yeye na bibi yake: siku 6 ku hoteli ya pwani, kule Zanzibar. Walikubali kutuelezea safari yao, lakini wakaomba tusiandike majina. "Majina ikitoka mu gazeti," mama anasema na kucheka, "kesho asubui bandugu bote beko ku mulango."

Konje ya matofali

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi konje ya kulipwa: siku 1 ya kazi, ao zaidi, kwa kila mwezi aliotumika, na siku 1 ya kuongeza kila akimaliza miaka 5. Kwetu konje hiyo iko na majina mengine: konje ya matofali, konje ya mabati, konje ya matanga. Huyu baba alizifanya zote. Nyumba ilipanda, lakini mwili haukupumzika.

Kilichomgeuza roho ni mzee wake. Alikuwa mtu wa Gécamines, akatoka mwaka 2003 pamoja na maelfu ya wengine katika ile "départ volontaire". "Papa alikuwa anasema: nikimaliza kazi, nitatembea. Feza ikaisha, akafa. Hakutembea hata Kalemie."

Mama njo alitafuta feza. Miaka miwili aliweka mu likelemba na wenzake wa soko. "Tulilipa kwanza masomo ya batoto, mwaka muzima. Halafu nikamwambia: ile inabakia ni ya shiye babili." Yote pamoja, ndeke, boti na hoteli, ilikula dola 2.150. Ndugu waliambiwa kwamba baba anaenda "formation" na mama anamsindikiza.

"Huyu ni bibi yangu"

Watu wengine watauliza: Kongo yetu si iko na bahari yake, kule Muanda? Iko. Lakini toka Kolwezi, kufika Muanda ni mateso mengine. Wao walipanda ndeke mpaka Dar es Salaam, kisha boti ya saa mbili hivi mpaka Zanzibar. Ku bandari, mama alikuwa anapiga picha za mayi. Baba alikuwa anaangalia makontena. "Nilisema: pengine mawe yangu iko mule ndani."

Ku hoteli, kijiji cha Paje, baba alijieleza kwa Kiswahili chake cha Katanga: "Huyu ni bibi yangu." Kijana wa mapokezi akamtazama mama, akatazama karatasi, akanyamaza. Kule pwani "bibi" ni nyanya, mama ya mzazi! Mpaka siku ya kurudia, wafanyakazi walimsalimia "Shikamoo bibi" na kumchekesha. Naye alipoomba mayi ya kunywa, walimletea mayai.

Mangaribi walikuta samaki mzima mezani, wa siku ile ile. "Siyo tomson ya frigo," baba anasema. "Tulikula mpaka ku kichwa."

Bahari iliyokwenda

Asubuhi ya kwanza waliamka mapema, wakavaa nguo za kuoga, wakatoka. Bahari hakuna. Ni mchanga tu, mbali kabisa. Mama alifikiri wamedanganywa. Mlinzi akawaeleza: kule maji yanapwa na kujaa mara 2 kwa siku, na upande wa Paje yanaenda mbali sana. Mtu anayetaka kuoga anauliza kwanza saa ya maji kujaa.

Pale kwenye maji mafupi waliona wanawake wameinama, wanafunga mwani kwenye kamba. Ni majani ya bahari yanayouzwa inje ya nchi. "Bale bamama banatumika mu chumvi tangu asubui, na miye nakuya kulala ku kiti. Nilisikia haya," mama anasema. "Tukasalimiana. Mumoya aliniuliza bwana yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia: ya kuinama pia."

Baba, kwake taabu ilikuwa usingizi. Mwili umezoea poste ya usiku. Siku tatu aliamka usiku mukubwa, akavaa viatu, akakaa mulango kama mtu anayengoja bisi ya kompani. Siku ya ine alilala. "Niliamka, yua imepanda, yeye bado," mama anasema. "Nikamgusa kipaji. Myaka yote tuko pamoja, nilimuonaka analala vile wakati wa malaria tu."

Siku ile ile simu ikalia: kaka ya baba, mtoto wake yuko lopitali. Hawakubishana. Mama alipigia mweka-feza wa likelemba atoe dola 100, watarudisha. Matembezi ya boti waliyotaka kufanya yakakufa. Walibaki ku hoteli, wakakula kile walicholipa, wakatembea kwa miguu.

Kwa ule anataka kujaribu

Bila pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hauingie, maana unatoka Kongo. Usifunge vitu mu sashe za plastiki. Tanzania ilizikataza tangu mwezi wa 6 mwaka 2019. Mvua kubwa iko mwezi wa 3 mpaka wa 5: bei ya hoteli inashuka, lakini zingine zinafunga. Uliza kama bei iko na chakula cha asubuhi na cha mangaribi, utajua feza ya mfukoni. Kule watu wengi ni Waislamu: nguo ya kuoga ni ya ufuko, kijijini mama avae kitenge.

Tuliwauliza kama watarudi. Wakaangaliana. "Mwaka huu konje ni ya mabati," baba alisema. "Nyumba ya kaka inavuya, na mutoto ametoka lopitali." Mama yeye amekwisha kurudia mu likelemba. Hatukumuuliza juu ya nini.