Kutoka Mafundisho hadi Maombi: Lugha ya Vikundi vya Kikarismatiki Katika Miji ya Migodi ya Katanga

Kakontwe ni jina linalofahamika zaidi kwa wanajiolojia kuliko kwa wanaisimu. Mawe ya chokaa ya mahali hapo, jirani ya mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, yamelipa jina tabaka zima la miamba ya Katanga, lile ambalo ndani yake mna pia mashapo ya zinki na shaba ya Kipushi. Chokaa hiyo ilichimbwa kwa ajili ya viwanda vya madini vya Union Minière, na baadaye vya Gécamines. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, eneo hili lina hazina ya namna nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipoanza kuwahimiza wafanyakazi wake kuishi kambini pamoja na wake zao, Kiswahili kilikua huko kama lugha ya kazi, ya shule, ya soko na ya kanisa, miongoni mwa watu ambao wengi wao hawakunyonya lugha hiyo kwa mama zao. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi lugha hiyo ilivyochukua mzigo wa harakati moja ya dini, yaani uamsho wa kikarismatiki katika Kanisa Katoliki na vikundi vyake vya maombi, na kwa nini suala la nani aseme, na aseme kwa maneno gani, limekuwa zito kiasi hicho.

Uamsho wenyewe una tarehe ya kuzaliwa inayojulikana. Mnamo Februari 1967 wanafunzi na walimu wachache wa Chuo Kikuu cha Duquesne, mjini Pittsburgh, Marekani, walikwenda mafungo ya mwisho wa juma, na huko wakapata mambo ambayo hadi wakati ule yalihesabiwa kuwa ya Wapentekoste: kunena kwa lugha, unabii, machozi na furaha isiyozuilika. Miaka minane baadaye, yaani Mei 1975, Papa Paulo wa Sita aliwapokea maelfu ya wanakarismatiki mjini Roma. Mlezi wao mkuu katika ngazi za juu za Kanisa alikuwa Kardinali Suenens wa Mechelen-Brussels. Jambo hili la mwisho si dogo kwa nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji: uamsho uliingia Zaire ya miaka ya 1970 ukiwa na barua ya utambulisho kutoka mahali ambapo mapadre wengi wa Kongo walikuwa wamezoea kupatazama.

Lakini haukuingia katika shamba tupu. Katanga ilikwisha kuwa na harakati yake yenyewe, iliyozungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza, nayo ni Jamaa. Mwanzilishi wake, Placide Tempels, alikuwa Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kujulikana duniani kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotolewa mwaka 1945. Baada ya kukaa Ubelgiji kwa miaka kadhaa bila hiari yake alirudi mwaka 1949, na katika kambi za migodi za upande wa Kolwezi akaanza kukutana na mabwana na mabibi zao, akiwauliza wanataka nini katika maisha. Majibu aliyoyasikia, au aliyodhani kuyasikia, yaliwekwa katika maneno matatu ambayo kila mwanajamaa aliyajua: uzima, uzazi na mapendo. Jumla ya hayo ni bumuntu, hali ya kuwa mtu kamili. Wanajamaa waliitana baba na mama; walioingia waliingia kama mume na mke; na kila aliyeingizwa alihesabiwa kuwa amezaliwa kiroho na wale waliomwongoza.

Inafaa kukaa kidogo katika neno mafundisho, kwa sababu ndilo lililokuwa kiini cha Jamaa. Mafundisho hayakuwa mahubiri. Yalikuwa mazungumzo ya taratibu, yenye maswali yanayojulikana na majibu yanayojulikana, yakipanda ngazi kwa ngazi, na mtu hakuambiwa jambo la ngazi ya juu kabla ya wakati wake. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewatafiti wanajamaa katika miaka ya 1966 na 1967 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1971, alionyesha kuwa harakati hiyo haikuwa na mavazi maalumu, wala majengo, wala kitabu chake kitakatifu. Ilikuwa na maneno. Aliyeyamiliki maneno alikuwa mwanajamaa, na asiyeyamiliki hakuwa. Pengine ndiyo sababu maaskofu waliihofia. Ngazi za siri na ndoto, pamoja na uvumi uliozizunguka, viliwafanya viongozi wa Kanisa kuibana Jamaa katika miaka ya mwanzo ya 1970, na wengi walilazimika kuchagua kati ya kikundi na sakramenti. Kwa watu waliojiona kuwa Wakatoliki kuliko Wakatoliki wengine, huo ulikuwa msiba.

Fabian aliporudi Lubumbashi katika miaka ya 1980 alikuta vikundi vya maombi vya kikarismatiki, na ndani yake baadhi ya watu waliopitia Jamaa. Hapa ndipo penye jambo la kuelezwa. Mtu anawezaje kutoka katika harakati ya mafundisho na kuingia katika harakati ya maombi bila kuona kuwa amebadili njia? Jibu rahisi ni kwamba vyote viwili vilikuwa vya walei na vilikutana nje ya misa, tena vyote vilimpa mtu jamaa mpya mjini. Jibu hilo ni la kweli ila halitoshi, kwa maana katika matumizi ya lugha tofauti ni kubwa. Jamaa ilikwenda polepole. Kikundi cha maombi kinakwenda haraka. Jamaa iliingiza mume na mke. Kikundi cha maombi humpokea yeyote, mjane, kijana, mke ambaye mumewe hataki hata kusikia habari hizo. Katika Jamaa neno lilitoka kwa mkubwa likashuka kwa mdogo. Katika kikundi cha maombi, angalau kwa nadharia, neno laweza kumshukia yeyote aliyeketi pale.

Mkutano wa kawaida wa vikundi hivi, Katanga kama kwingineko, una nyimbo za sifa, sala za pamoja ambamo kila mtu huomba kwa sauti yake, somo la Biblia pamoja na maelezo yake, ushuhuda, na mwishoni maombi ya kuwawekea mikono wagonjwa na wenye taabu. Kiongozi huitwa kwa Kifaransa berger, yaani mchungaji wa kondoo, na mwanamke aliye kiongozi huitwa bergère. Kwa nini Kifaransa, wakati neno mchungaji lipo tayari? Sababu moja huenda ni kwamba mchungaji ni cheo cha Waprotestanti, na kikundi kinachotaka kubaki chini ya paroko hakina budi kuchagua maneno yake kwa uangalifu. Kongo ya Kikatoliki hutamka Yezu, si Yesu, na kwa sauti hiyo moja msikilizaji hujua kanisa la msemaji.

Kiswahili chenyewe ni kile cha Katanga. Msemaji atasema Roho Mutakatifu, batu badala ya watu, kikundi ya maombi badala ya kikundi cha maombi. Atasema niko naomba pale ambapo mtu wa pwani angesema ninaomba. Somo la Biblia, kinyume chake, husomwa katika lugha iliyo karibu na sanifu, iliyopita mikononi mwa wamisionari. Kwa hiyo katika saa mbili za mkutano sikio husafiri kati ya lugha kadhaa: Kiswahili cha kitabu, Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha elimu na cheo, na mara kwa mara ile lugha isiyo ya mtu yeyote, ambayo Biblia ya Kiswahili huita kunena kwa lugha. Lugha inayoeleweka haikuhitaji maelezo zaidi katika usemi huo. Isiyoeleweka ndiyo iliyopewa jina la lugha tupu, bila kivumishi.

Msamiati nao una historia ndefu kuliko uamsho. Karama, neno ambalo kwalo Wakristo hutafsiri vipaji vya Roho, kwa Waislamu wa pwani ni heshima na maajabu ambayo Mungu humjalia walii, na lina asili moja na karamu na ukarimu. Ushuhuda ni neno la baraza na mahakama: shahidi ni yule aliyekuwapo. Anayesimama katika kikundi na kusema amepona hatoi hadithi tu, bali anaweka dhamana. Neno lenye matata zaidi ni roho. Roho ni pumzi na uhai. Ni tabia pia, kwani mtu huwa na roho nzuri au roho mbaya. Ni nafsi ya marehemu. Na ni Nafsi ya tatu ya Mungu. Wakristo wa pwani wana pepo na jini kwa viumbe visivyotakiwa. Katika sala za kufukuza, ambazo Katanga huitwa kwa Kifaransa délivrance, neno roho huweza kumtaja anayefukuza na anayefukuzwa pia, na ni kivumishi pekee kinachowatenganisha.

Suala la mamlaka linazaliwa hapo hapo. Ikiwa Roho anaweza kusema kupitia kwa mama muuza mboga, padre anabaki na kazi gani? Mtume Paulo alilikuta swali hilo Korintho, na jibu lake, kwamba wanene wawili au watatu, kwa zamu, na mmoja afasiri, ndilo linalorudiwa na viongozi wa vikundi hadi leo. Maaskofu wa Afrika Mashariki na ya Kati wamelikuta pia. Ng'ambo ya mpaka, mjini Lusaka, Askofu Mkuu Emmanuel Milingo alianza kuombea wagonjwa mwaka 1973. Aliitwa Roma mwaka 1982 na akajiuzulu uaskofu wake wa Lusaka mwaka uliofuata. Huko Tanzania, huduma ya maombezi ya Padre Felician Nkwera ilikosana na maaskofu katika miaka ya 1990. Vikundi vya Katanga, vikiikumbuka Jamaa, vilikuwa na sababu ya kujihadhari. Vilikuwa pia na kinga ambayo Jamaa haikuwa nayo. Jamaa ilikuwa mtoto wa Katanga na wa padre mmoja, ilhali wanakarismatiki waliweza kuonyesha kuwa ndugu zao walipokewa na Papa mwenyewe.

Haitafaa kuyaeleza maneno haya bila njaa iliyoyazunguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na kufikia mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 60,000. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na hospitali na shule, na ndiyo iliyotoa posho ya unga. Mambo hayo yalipokwisha, kuombea mgonjwa hakukuwa tena nyongeza ya dawa. Kwa wengi kulikuwa ndiyo dawa iliyopatikana. Kisha, kuanzia Agosti na Septemba 1992, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao mjini Likasi, na makumi ya maelfu walirundikana stesheni na katika shule wakisubiri treni. Wengi wao walizaliwa Katanga. Waliofukuza na waliofukuzwa waliweza kuwa watu wa parokia moja, waliosali kwa Kiswahili kimoja, na neno ndugu, linalotamkwa mara nyingi mno katika maombi, lilipewa mtihani ambao hakuna kamusi inayoueleza.

Tangu mwaka 2019 Vatikani imeuweka uamsho huu wote chini ya chombo kimoja kiitwacho CHARIS, chenye wajibu wa kuhudumia wala si kutawala. Kwa mtafiti wa Kiswahili kazi iliyo mezani ni ya chini zaidi, lakini si nyepesi. Anayenukuu ushuhuda kutoka katika kanda za sauti hufika mapema kwenye neno roho na hulazimika kuamua kama ataliandika kwa herufi kubwa au ndogo. Msemaji hakutamka herufi kubwa. Mara nyingine sentensi nzima huweza kusomwa kwa njia zote mbili: roho ilimwambia aende hospitali. Katanga huipatia roho upatanisho wa i- hata pale inapokusudiwa kuwa ya Mungu, hivyo sarufi nayo haimsaidii mtafiti. Njia iliyo salama ni kuacha herufi ndogo katika matini, na kumwuliza msemaji mwenyewe, pale anapoweza kupatikana, ni roho ipi aliyoisikia.