Je, riba ya Benki Kuu hufika Newala?

MKULIMA wa Newala anayehitaji fedha za matibabu au ada ya shule mwezi Julai, mikorosho inapochanua, hana milango mingi ya kubisha. Benki hutaka dhamana, na minada ya korosho huanza Oktoba. Mara nyingi mlango ulio wazi ni wa mnunuzi wa kangomba, anayetoa fedha leo ili alipwe korosho wakati wa mavuno.

Kwa mfano, kilo ikiuzwa hivyo kwa Sh1,500 na bei ya mnada ikafika Sh3,000, mkulima atakuwa amelipa riba ya asilimia 100 kwa miezi michache tu.

Benki Kuu ya Tanzania (BoT) nayo ina riba yake. Tangu Januari 2024 imeacha kulenga kiasi cha fedha kwenye mzunguko na kuongoza sera kwa riba inayotangazwa. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili 2024, kisha ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025.

Swali linalowaumiza vichwa wachumi ni kama riba hiyo humfikia mwananchi wa kawaida.

Mwaka 2012, Prachi Mishra, Peter Montiel na Antonio Spilimbergo walieleza kuwa katika nchi maskini njia hiyo ni dhaifu: masoko ya fedha ni madogo, ushindani wa benki ni hafifu na wengi hawakopi benki.

Mwaka uliofuata, Andrew Berg na wenzake wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) walipunguza shaka hiyo. Walichunguza Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania katika misukosuko ya bei ya mwaka 2011. Uganda, iliyokuwa na mfumuko wa bei wa zaidi ya asilimia 30, ilitangaza msimamo wake waziwazi na kupandisha riba hadi asilimia 23. Riba za mikopo zilipanda, sarafu ikaimarika na mfumuko ukashuka. Kwa Tanzania, iliyokuwa bado ikilenga kiasi cha fedha, matokeo hayakuonekana kwa uwazi huo.

Fundisho ni kwamba ishara ya benki kuu ikieleweka, benki nyingine huifuata. Hata hivyo, baada ya mabadiliko ya 2024, riba za mikopo nchini ziliendelea kuwa karibu asilimia 15.

Kwa Masasi na Newala, daraja lililopo ni stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Korosho hupelekwa ghalani kupitia vyama vya msingi, huuzwa mnadani chini ya MAMCU na TANECU, na malipo hupitia benki. Katika miaka ya mwanzo, vyama vilikopa benki ili kuwapa wakulima malipo ya awali, na riba ya mikopo hiyo ilipunguza malipo yao ya mwisho.

Hata asiyekopa haponi. Fedha za korosho za Novemba hutakiwa kununua unga na sukari hadi msimu ujao. Mfumuko ukipanda, thamani yake huyeyuka mfukoni.

Kwa hiyo, sera ya BoT humfikia mkulima kupitia bei za dukani kabla ya kumfikia kupitia mkopo. Maadamu hana pa kukopa mwezi Julai, riba anayoijua itabaki kuwa ya kangomba.